Namna ya kuchagua raketi ya kwanza ya padeli ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Padeli ni mchezo wa raketi unaochezwa wawili kwa wawili, ndani ya uwanja uliozungukwa na vioo. Ujumbe unaoingia kwangu mara nyingi kuliko mwingine wowote unafanana. Mtu wa Mbeya, Iringa au Njombe ameagiza raketi Dar, imefika kwa basi, inang'aa, imeandikwa "carbon" ubavuni kwa herufi kubwa. Wiki chache baadaye kiwiko kinauma, na kila akipiga, mpira unakwenda kugonga kioo cha upande wa pili kabla haujadunda chini. Pointi imeondoka. Kisha anauliza anunue raketi gani nyingine iliyo kali zaidi.

Karibu kila mara raketi ile ilikuwa kali kupita kiasi tangu siku ya kwanza. Alichagulia macho, na aliyemuuzia alimshauri kwa kufuata hali ya hewa ya pwani.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayeanza, au aliyecheza mara chache kwa raketi za kuazima. Kuna mambo manne ya kuangalia: unene wa mpini, uzito, mahali uzito ulipokaa, na ugumu wa kilichomo ndani. Rangi, jina la bingwa lililochapwa usoni na mkwaruzo wa uso wa raketi viache kwa sasa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoa hela

- Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Maduka ya vyombo pale Mwanjelwa au Miyomboni hayakosi. Mizani ya sokoni ya kuning'iniza haifai, maana tofauti tunayoitafuta hapa ni ya gramu kumi tu.
- Futi ya fundi cherehani.
- Penseli ya duara, au kipande cha mpini wa mwiko, cha kutafutia mahali raketi inapokaa sawa.
- Raketi ya kuazima, yoyote ile, hata kama imechakaa. Bila kitu cha kulinganisha, vipimo vyote vitabaki namba tupu.
- Mpira mmoja wa padeli. Ukikosa, wa tenisi unatosha kwa majaribio.
- Ovagripu mbili, ile tepu laini ya kuzungushia mpini.
- Bajeti yenye mafungu mawili. La kwanza ni la raketi. La pili ni la mipira, ovagripu na nauli ya mzigo, na usiliguse. Wengi humaliza yote kwenye raketi halafu wanachezea mipira iliyokufa, wakidhani raketi ndiyo mbovu.

## Hatua ya 1: Ijue hewa unayochezea

Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mwongozo ulioandikiwa watu wa pwani au wa Ulaya, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Mbeya mjini ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Iringa inakaribia 1,600, na Njombe inazidi 1,800. Katika kimo cha Mbeya hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Mpira unaopita kwenye hewa nyepesi haupunguzwi kasi sana, kwa hiyo pigo lilelile linafika mbali zaidi. Tena mpira wa padeli umefungiwa hewa ndani. Presha ya nje ikiwa ndogo, mpira unakuwa mkakamavu zaidi na unadunda juu zaidi.

Sheria za padeli zenyewe zinalitambua jambo hili. Mpira wa kawaida ukidondoshwa kutoka mita 2.54 unatakiwa udunde kati ya sentimita 135 na 145. Kwa viwanja vilivyo juu ya mita 500, inaruhusiwa aina nyingine ya mpira inayodunda chini ya hapo, kati ya sentimita 122 na 135 hivi. Ukimwona muuzaji mwenye makopo yaliyoandikwa kuwa ni ya miinuko, chukua hayo.

Kwa hiyo huku kwetu nguvu ya bure ipo tayari hewani. Huna haja ya kuinunua kwenye raketi. Unachohitaji ni kuuzuia mpira usikutoroke.

Halafu kuna baridi. Ndani ya raketi nyingi kuna povu la EVA, aina ya plastiki inayobonyea kama sponji, na EVA hukakamaa likipoa. Juni na Julai alfajiri ya Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10. Raketi aliyoibonyeza muuzaji wa Masaki kwenye joto la nyuzi 30 akasema "hii ni ya kati, bosi" itakuwa ngumu saa moja asubuhi Uyole. Mtikisiko wa kila pigo unapanda mkononi hadi kwenye kiwiko.

Ushauri wangu: chochote anachokushauri mtu wa pwani kuhusu ugumu wa ndani, shuka ngazi moja. Akisema ngumu, chukua ya kati. Akisema ya kati, chukua laini inayoelekea kati.

Tahadhari: usishuke hadi kwenye povu laini kuliko yote. Povu laini sana huurusha mpira hata ukiugusa polepole, na mchana jua likishawaka, ukijumlisha na hewa nyepesi, kila lobu, yaani mpira wa kupandishwa juu, itapita uzio. Ndiyo maana ulaini wa ndani tutausawazisha na umbo, hatua ya 4.

Kama unafanyia mazoezi ukutani huku juu na mechi zako unacheza ukishuka Dar, chagua kwa kufuata hali ya huku. Raketi laini-kati itachezeka vizuri kwenye joto la Dar, ila itakuwa na ulaini wa ziada. Iliyo ngumu ikipanda huku na baridi yake haivumiliki.

## Hatua ya 2: Upime mpini kwa mkono wako

Raketi za padeli za watu wazima hazina saizi nyingi za mpini kama za tenisi. Viwanda vingi hutoa mpini mwembamba mmoja, na mchezaji anaunenepesha kwa ovagripu. Kwa hiyo usiikatae raketi kwa sababu mpini ni mwembamba. Uliozidi unene ndio wa kukataa, kwa sababu hauna namna ya kupunguzwa.

Fanya hivi:

1. Shika mpini wa raketi ya kuazima huku ukingo wake ukiangalia chini, siyo uso.
2. Kaza kidogo, kama unavyokaza unapocheza.
3. Tazama nafasi iliyobaki kati ya ncha za vidole vyako na nyama ya chini ya kidole gumba.
4. Ingiza hapo kidole cha mkono mwingine.

Umefanikiwa kidole kikiingia kwa kubana kidogo. Vidole vikigusa kiganja, mpini ni mwembamba: ongeza ovagripu moja, pima tena. Pengo likiwa pana, ondoa iliyopo.

Kwa nini: mpini mwembamba unakulazimisha kukaba ili raketi isizunguke, na kukaba muda wote ndiko kunakochosha misuli ya mkono wa mbele na kuleta maumivu ya kiwiko. Watu hulaumu uzito peke yake, kumbe mpini nao umo.

Kila ovagripu inaongeza gramu 5 hivi. Iandike namba hiyo, tutaihitaji.

## Hatua ya 3: Chagua uzito, kisha udai uuone kwenye mizani

Raketi nyingi za watu wazima zina gramu 340 hadi 390. Kwa anayeanza, mimi nagawa hivi:

- Mwenye mwili mdogo, au asiyewahi kucheza mchezo wowote wa mkono: gramu 340 hadi 355.
- Mtu wa wastani: 350 hadi 365.
- Mwenye mwili mkubwa na mkono uliozoea kazi au aliyetoka kwenye tenisi: hadi 370, isizidi hapo.
- Aliyewahi kuumia kiwiko, bega au kifundo cha mkono: kundi la kwanza, haijalishi ana mwili gani.

Raketi nyepesi mno nayo ina kasoro yake. Mpira mzito unapokuja, raketi ya gramu 330 husukumwa nyuma, na mkono ndio unaobeba mshindo. Kwa hiyo "nyepesi kuliko zote" siyo sifa.

Madukani utasikia habari ya "raketi za kike". Mara nyingi maana yake ni nyepesi kidogo na yenye rangi tofauti. Mwanaume anayeanza akiikuta ya gramu 355 kwa bei nzuri aichukue. Mpira haujui rangi.

Tahadhari kubwa: uzito ulioandikwa kwenye fremu ni wigo, kwa mfano 360–375. Ya kwako inaweza kuwa mwanzo wa wigo au mwisho wake. Raketi mbili za jina moja, zilizotoka kwenye boksi moja, zinaweza kupishana gramu kumi. Ndiyo sababu unaomba picha ikiwa juu ya mizani.

Kumbuka pia kwamba utaongeza vitu. Ovagripu moja ni gramu 5, na kinga ya kichwani, ile tepu ngumu inayobandikwa ukingoni ili raketi isiparuzwe na ukuta, inaweza kufika 10 au zaidi. Ukitaka kucheza na 365, nunua 350.

## Hatua ya 4: Tafuta uzito ulipokaa

Kama ningeruhusiwa kukupa hatua moja tu, ningekupa hii.

Raketi mbili za gramu 360 zinaweza kuwa mbali kabisa mkononi. Moja uzito wake umekaa karibu na mpini, nyingine umekaa kichwani. Ile ya pili utaihisi kama jembe: ukishalirusha, kulizuia njiani ni kazi. Kwenye padeli unazuia na kugeuza raketi kila sekunde, maana mpira unatoka mbele, unarudi kutoka kioo cha nyuma, unarudi tena kutoka pembeni.

Umbo linakupa dalili ya kwanza:

Duara. Uzito uko chini, karibu na mkono. Eneo zuri la kupigia liko katikati na ni pana, hivyo ukikosea kidogo mpira bado unavuka wavu. Hili ndilo la kwako.

Tone. Limechongoka kidogo juu, uzito umepanda kidogo. Linafaa kwa mtu aliyetoka kwenye tenisi au skwoshi, au kwa raketi ya pili.

Almasi. Limepanuka juu, uzito uko kichwani, eneo zuri ni dogo na liko juu. Limetengenezwa kwa ajili ya smeshi, yale mapigo ya nguvu ya juu ya kichwa, za watu wenye mbinu. Usilinunue, hata likiwa na punguzo. Almasi ndizo zinazopunguzwa bei mara nyingi, kwa sababu wanaozinunua huzirudisha sokoni haraka.

Lakini usiishie kwenye umbo. Pima:

1. Weka penseli ya duara mezani.
2. Laza raketi juu yake, penseli ikatishe chini ya uso, karibu na shingo.
3. Isogeze taratibu mpaka raketi isimame bila kuanguka upande wowote.
4. Tia alama hapo, ndicho kitovu cha uzito, kisha pima kwa futi kuanzia kitako cha mpini.

Raketi yote kisheria haizidi sentimita 45.5. Umefanikiwa ukipata kati ya sentimita 25 na 26. Ikifika 26.5 uzito umeshapanda kichwani. Kila milimita ina maana, kwa hiyo pima mara mbili.

Ukikuta raketi nzuri iliyo kwenye 26.2, bado inaokoleka: ovagripu ya pili itashusha kitovu hicho kuelekea mkononi. Kinga ya kichwani itafanya kinyume. Hii ndiyo sababu sipendi mtu anayeanza kubandika kinga nzito siku ya kwanza. Cheza kwanza, uione raketi yako inavyoparuzwa, ndipo uamue.

## Hatua ya 5: Ndani na usoni

Ndani tumeshamalizana nayo: EVA laini inayoelekea kati. Bandiko la raketi litasema "soft" au "medium". Neno "hard" likikutokea, weka chini.

Usoni kuna mambo mawili makuu, faibaglasi na kaboni. Faibaglasi inanyumbulika, inausukuma mpira bila wewe kutumia nguvu nyingi, na ni rahisi kwa bei. Kaboni ni kakamavu na inadumu zaidi, lakini inadai upige katikati kabisa. Kwa anayeanza huku kwenye baridi, faibaglasi, tena bila aibu. Fremu ya kaboni na uso wa faibaglasi ni mchanganyiko mzuri na unapatikana kirahisi.

Namba za 3K, 12K, 18K zinazopigiwa kelele ni hesabu ya nyuzi za kaboni kwenye kila fungu lililofumwa, kwa maelfu. 12K ni nyuzi 12,000. Namba kubwa haimaanishi raketi bora kwako, na ugumu wa uso hautokani na namba hiyo peke yake. Muuzaji akianza na K, mrudishe kwenye gramu.

Jaribio la danadana linasema zaidi kuliko maandishi. Shika raketi uso ukiangalia juu, piga danadana kwa mpira, kimo cha kifua, mara kumi katikati. Kisha sogea: kumi karibu na ncha ya juu, kumi pembeni kushoto, kumi kulia. Sikiliza na uhisi.

Umefanikiwa kama mpira wa pembeni unarudi kimo kinachokaribia ule wa katikati, na mpini haujipindi kiganjani. Raketi ambayo mpira wa pembeni unakufa na mpini unazunguka ina eneo dogo. Fanya jaribio hilohilo na raketi ya kuazima ili upate pa kulinganishia.

Kubonyeza uso kwa kidole gumba, kama wanavyofanya wauzaji, hakukwambii kitu. Uso unaoubonyeza ni ganda. Povu liko chini yake.

## Hatua ya 6: Hakikisha ni raketi ya padeli, na ni nzima

Usicheke. Mitandaoni na kwenye mitumba zinauzwa raketi za tenisi ya ufukweni na vibao vya pickleball kwa jina la padeli. Pima unene wa ubavu. Raketi ya padeli inaruhusiwa hadi milimita 38 na nyingi zimefika hapo au zimekaribia. Ya ufukweni ni nyembamba, nyingi milimita 20 na kidogo. Kibao cha pickleball hakina matundu usoni. Ukipiga mpira wa padeli kwa hivyo viwili, mkono utakujulisha.

Angalia pia kamba ya mkononi kwenye kitako cha mpini. Sheria inaitaka na ni lazima uivae. Uwanja ni mita 20 kwa 10, mko wanne ndani ya vioo, na raketi iliyochomoka kwenye kiganja chenye jasho ina pa kwenda pachache sana zaidi ya uso wa mwenzako. Raketi isiyo na kamba, au yenye kamba iliyochanika kwenye mshono, idai kamba mpya kabla ya bei.

Kwa raketi iliyotumika, kagua hivi:

- Igongegonge kwa kifundo cha kidole kuzunguka fremu yote. Sauti inatakiwa kufanana. Mahali inapogeuka kuwa ya kupasuka au kupooza, kuna ufa ndani.
- Itikise karibu na sikio. Kitu kikicheza ndani, achana nayo.
- Angalia matundu. Nyufa ndogo zinazotoka tundu moja kwenda jingine ni mwanzo wa mwisho.
- Chunguza shingo, pale mpini unapogawanyika. Ufa hapo haurekebishiki, hata fundi akikuahidi gundi ya namna gani.
- Michubuko ya rangi juu ya kichwa ni ya kawaida. Itumie kuombea punguzo.

Mimi nikiwa na chaguo kati ya duara lililotumika mwaka mmoja likiwa zima na almasi mpya kwa bei moja, nachukua lililotumika.

Kuhusu majina: Bullpadel, Nox, Head, Babolat, Adidas, Wilson na Kuikma, ambayo ni chapa ya Decathlon, wote wanatengeneza raketi za wanaoanza na wanatengeneza za mabingwa. Jina la kampuni halikwambii umeshika ipi. Na ukiona raketi ya ngazi ya mabingwa inauzwa kwa bei ya viatu vya mtumba, ni bandia au ina ufa.

## Hatua ya 7: Mwandikie muuzaji kabla ya kutuma hela

Wengi wetu tunaagiza, kwa hiyo vipimo vyote vya hapo juu inabidi afanye mtu mwingine. Muuzaji makini hatachukia. Unaweza kunakili ujumbe huu:

> Habari ndugu. Naihitaji hiyo raketi ya duara. Kabla sijalipa naomba picha tatu: raketi ikiwa juu ya mizani bila mfuko, ubavu wake ukiwa na rula, na maandishi ya kwenye fremu. Naomba pia unijulishe ndani ni laini au ya kati, na uso ni faibaglasi au kaboni. Nahitaji isizidi gramu 360. Ikifika tofauti na picha, kuirudisha inakuwaje na nauli ni ya nani?

Sentensi ya mwisho usiifute. Jibu lake ndilo litakaloamua mtakavyoelewana mambo yakienda kombo.

Tahadhari: picha zilizotoka kwenye tovuti ya kiwanda hazihesabiki. Omba picha yenye kitu cha siku hiyo, hata risiti ya duka pembeni yake inatosha.

Kuhusu usafiri: basi linapita Mikumi na Ruaha Mbuyuni kwenye joto kali kabla ya kupanda Kitonga. Raketi iliyowekwa kwenye buti la chini, karibu na injini, ikalaliwa na magunia ya vitunguu, inafika imechoka. Joto hulegeza gundi kati ya uso na povu, na mzigo unapinda fremu. Mwombe muuzaji aiweke ndani ya boksi gumu na aandike kwamba ni kitu cha kuvunjika. Kama kuna mtu wako anapanda, aibebe ndani, kwenye kishikio cha mizigo juu ya kiti.

## Hatua ya 8: Pokea ukiwa palepale

Ukifika ofisi ya basi, iwe Nanenane Mbeya au Igumbilo Iringa, fungua boksi hapohapo kabla ya kusaini. Mhudumu atakuharakisha. Mwambie "samahani kaka, dakika mbili tu", na uendelee.

Gonga fremu, tikisa, tazama shingo na matundu. Kama mizani yako ni ndogo ya kuingia mkobani, pima. Ukikuta ufa, piga picha boksi na raketi vikiwa mezani kwao, risiti ya mzigo ikionekana. Ukishatoka nje ya mlango, kila mmoja atasema ulivunja mwenyewe.

Ukiwa nyumbani zungushia ovagripu kuanzia kitakoni kwenda juu, ukiivuta kidogo ili isifanye mikunjo. Rudia jaribio la kidole la hatua ya 2 na la penseli la hatua ya 4. Andika uzito na kitovu kwenye kipande cha karatasi au kwenye simu. Siku ya kununua raketi ya pili, namba hizo zitakuwa na thamani kuliko kumbukumbu.

## Hatua ya 9: Ipe wiki mbili ukutani

Usiihukumu raketi mechi ya kwanza. Tafuta ukuta laini, simama mita nne hivi, na ufanye hivi siku unazopata nafasi:

1. Dakika tano za kupasha mwili moto, mabega na vifundo vya mikono hasa. Asubuhi za baridi, ongeza.
2. Pasha na raketi: danadana mpaka isikike laini kuliko ilivyokuwa ulipoanza.
3. Piga polepole kwenda ukutani, mpira udunde mara moja, mkono wa kulia kisha upande wa kushoto.
4. Sogea karibu, piga voli bila mpira kugusa chini.

Usitumie ukuta wa tofali zisizopigwa lipu. Mpira utarudi ovyo na wewe utailaumu raketi.

Umefanikiwa ukiona haya: mpira unarudi unakoelekeza bila kukaza meno, voli kumi zinafuatana bila raketi kujipinda mkononi, na kesho yake misuli imechoka lakini kiwiko hakina maumivu ya kuchoma.

Ukiona tofauti:

*Kiwiko kinauma upande wa nje.* Pumzika kwanza. Kisha angalia mpini kabla ya kitu kingine, ongeza ovagripu. Ikiendelea, raketi ni ngumu au nzito. Maumivu yasipokwisha kwa wiki mbili za mapumziko, nenda hospitali, usiende dukani.

*Mpira unaruka mbali kila mara.* Badilisha mpira kabla ya raketi. Tafuta ule wa miinuko, au tumia uliofunguliwa siku nyingi kidogo, maana mpira ukishatoka kwenye kopo hupoteza presha taratibu. Huku kwetu mpira uliolegea kidogo unachezeka vizuri kuliko mpya wa kopo la kawaida.

*Raketi inachelewa kufika.* Kitovu kiko juu. Ondoa kinga ya kichwani kama ipo, pima tena kwa penseli.

*Mpira haufiki popote, unasikika kama unapiga ubao.* Kama ni alfajiri, jaribu saa tisa mchana. Ukipona mchana, ni baridi tu. Ukibaki vilevile, povu ni gumu au limeshavunjika ndani.

## Kuitunza

Ilaze ndani ya nyumba, siyo kwenye gari. Gari lililofungwa juani linachemka hata Mbeya, na usiku wake linaganda, na povu haliyapendi yote mawili. Msimu wa baridi ibebe chini ya koti au kwenye begi lenye kitambaa kinene unapokwenda uwanjani.

Mvua ikikukuta, ifute na uiache ikauke kwenye kivuli. Usiianike juani wala karibu na jiko la mkaa. Ovagripu ikianza kuteleza, badilisha. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapa na ndicho kinachoachwa mpaka kinang'aa kwa jasho.

Ukishaanza kushinda pointi kwa smeshi unazoelekeza mwenyewe, na mpira wa kutoka kioo cha nyuma haukutishi tena, unaweza kufikiria umbo la tone. Chukua lenye uzito uleule ulioandika kwenye simu na ugumu uleule wa ndani, ubadilishe umbo peke yake. Hilo duara usiliuze mara moja. Litakuwa raketi ya akiba ya mechi, na raketi ya kumwazima jirani atakayekuja kuuliza anunue ipi.